Robo ya Zuwena

Mmeniuliza mno, nami nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake huku chai yangu inapoa. Naandika mara moja. Someni, peaneni, kisha mniache.

Kwamba Zuwena alinifia mnajua, kwa sababu mlikuja. Mlikula khitma, mkaniambia nisilie, mkaniambia yeye amepumzika, mkaniambia mimi bado nina nguvu. Majamvi hayajakunjwa, mmoja wenu, naye anajijua, akanitajia mjane wa Jang'ombe mwenye nyumba yake na friji mbili. Mwanamke akifiwa huwekwa eda. Mwanamume akifiwa huulizwa ataoa lini.

Msichojua ni habari ya ngozi.

Katika sanduku la Zuwena mlikuwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na ndani ya mfuko kipande cha ngozi ya mnyama iliyokunwa ikawa laini, rangi ya samli. Kimeandikwa pande zote mbili kwa herufi nyeusi zilizobanana kama siafu, na herufi moja kubwa nyekundu yenye mkia wa buluu. Hakuna aliyejua ni lugha gani. Ngozi nzima ilikuwa ya bibi yake, ambaye naye hakujua imetoka wapi, ila aliamini imeandikwa na sheikh wa Maghribi. Kwetu maandishi yasiyosomeka ndiyo yenye nguvu.

Bibi akamwachia mama yao. Mama yao alipofariki, watoto walikuwa watatu: Nasor, Shariffa na Zuwena. Mjomba wao akaigawa ngozi kisheria, kwa mkasi: mwanamume mafungu mawili, wanawake fungu moja moja. Nusu ya chini akapewa Nasor. Nusu ya juu ikakatwa tena kwa urefu, robo ya Shariffa, robo ya Zuwena. Hakuna aliyedhulumiwa ila ngozi. Baadaye Nasor na Shariffa wakahamia Omani kwa wazee wao, Zuwena akabaki Unguja kwa sababu yangu, jambo ambalo ndugu zake walinisamehe kwa mdomo.

Basi baada ya msiba Nasor akanipigia simu. "Shemeji, ile robo ya marehemu nayo ni mirathi."

Alisema kweli. Hatukujaaliwa watoto. Nusu ya robo ni yangu, iliyobaki ni yao, kaka mara mbili ya dada. Ningeweza kunyamaza nayo hapa nyumbani. Nani angevuka bahari na mkasi? Lakini haki ya mtu ni haki ya mtu. Mimi sikuwa nabishana na sheria. Nilikuwa nabishana na mkasi. Kila alfajiri baada ya kuswali Zuwena alikitoa kile kipande, akakiweka mapajani, akakitazama. Nilimwambia wengine huyaosha maandishi ya namna ile wakayanywa kuwa dawa, mbona yeye hafanyi? Akasema, "Mimi siyanywi. Mimi nayatazama."

Nilitaka kipande kirudi nami kikiwa kizima. Nikapanda ndege kwenda kuwaomba.

Maskati hadi Bidbid

Nasor anakaa Sur, Shariffa anakaa Ibra. Nasor aliniambia teksi initeremshe Bidbid, pale barabara ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa, na Shariffa atatuma mtu kunipokea. Shariffa yeye alifahamu kwamba Nasor ndiye atakayetuma mtu. Kila mmoja kwa ukarimu wake akamwachia mwenzake heshima ya kunipokea.

Nikakaa mbele ya mkahawa karibu na kituo cha petroli, sanduku kati ya miguu, mfuko kifuani ndani ya kanzu. Magari yalipita kwenda kote duniani isipokuwa kwangu. Mwenye mkahawa, Mhindi wa Kerala mwenye masharubu mazuri, akaniletea chai ya maziwa iliyokolea iliki, na chapati iliyopakwa jibini. Mimi Kiarabu changu ni cha msikitini, chake ni cha jikoni. Akaniuliza kwa vidole: watoto? Nikatikisa kichwa. Mke? Nikaonyesha ardhi.

Akaingia ndani, akatoka na chai nyingine, akavuta kiti. Tukatazama barabara pamoja, muda mrefu, bila neno. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu hatukuwa na lugha.

Aliyekuja kunichukua hatimaye ni Thuraya, binti wa Nasor, anayefanya kazi katika nyumba ya wageni huko Misfat, mlimani upande wa Nizwa. Alishuka garini anakimbia, buibui linapepea.

"Shikamoo ami! Samahani sana sana. Baba anasema ammati atakuja. Ammati anasema baba atakuja. Mimi niko kazini, nauliza, jamani, ami Haji iko wapi? Wote kimya!"

Ammati ni shangazi yake, yaani Shariffa.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Niko hapa. Walikuwa wanakaribia kunipa uraia wa Bidbid."

Kiswahili cha Thuraya kimezaliwa Omani: anasikia chote, anatoa kidogo, na ngeli anazitupa dirishani. Lakini ni yeye tu aliyeniuliza, "Shangazi Zuwena alikuwa mtu namna gani?" Tangu msiba hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikasema alikuwa mkaidi. Akacheka, akasema huko kwao wapo wengi.

Ibra

Tulifika siku ya soko la wanawake. Bi Shariffa alikuwa ndani ananunua vitambaa, na wanaume hawaingii, jambo la busara sana ila kwa mwanamume mwenye sanduku. Thuraya akaenda kumwita shangazi yake, naye soko likammeza. Nikasimama juani na waume wengine, kila mmoja anajifanya amekuja pale kwa hiari.

Bi Shariffa alitoka na vifurushi hadi kidevuni.

"Shemeji! Mbona umekonda? Wanawake wa Unguja wamekwisha?"

"Mmoja amekwisha," nikasema.

Akasita kidogo. Kidogo sana.

Nyumbani alinipikia wali wa nazi, mchuzi wa papa na mkate wa kumimina, na kwa chakula kile nasamehe mengi. Kisha akatoa robo yake kabatini. Nilishtuka. Ya Zuwena imejaa herufi. Hii ilikuwa karibu nyeupe, imejikunja kama ganda la muhogo, wino umebaki ukungu tu. Maana Bi Shariffa hufanya kombe. Kwa desturi kombe huandikwa aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Yeye aliona usumbufu wa nini, ngozi imekwisha kuandikwa. Anaichovya kwenye maji ya marashi, anaisugua kwa kidole, unakunywa.

Akanihesabia waliopona: wenye surua, wenye mitihani, jirani aliyekuwa hapati mtoto. Kila aliyepona alitajwa kwa jina na ukoo. Waliokufa nadhani walikunywa kidogo.

"Na wewe utakunywa. Huzuni ni maradhi."

"Bi Shariffa, mimi sina maradhi. Nimefiwa."

"Kunywa, shemeji."

Nikanywa. Ladha yake ni marashi na kiatu.

"Zuwena alipougua," nikasema nikiwa bado nafuta mdomo, "kwa nini hukuja?"

"Hakuniita. Wala hakuwahi kuniomba kombe."

"Hakuwa akiliamini."

"Ndiyo hivyo," akasema Bi Shariffa, akachukua kikombe. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini kuna mwanamke mtaa wa pili, ameachika, mcha Mungu, anajua kupika vyakula vya kwetu."

Bidiya, ambako sikuomba kupelekwa

Njiani kwenda Sur Thuraya akaamua kwamba haiwezekani mtu atoke Unguja asiione michanga ya Bidiya. Nilimwambia tunao mchanga. Akasema si kama huu. Alisema kweli, wa kwetu haulimezi gari.

Tulipita bustani za mitende, mfereji wa falaji unatiririka pembeni kwa adabu, kisha miti ikaisha kama imekatazwa kuendelea. Gari lilipanda kilima kimoja vizuri. Kwenye cha pili likazama hadi mlangoni. Thuraya akaanza kupunguza upepo wa magurudumu huku anasoma dua, mimi nachimba kwa viganja, mchanga unarudi kama mkwe asiye na haya. Mfuko nikaufunga kifuani kwa kilemba.

Akaja bwana mmoja na gari kubwa na kamba. Kabla ya kutuvuta alituhutubia kuhusu upepo wa magurudumu, na alipomaliza magurudumu akamuuliza Thuraya mimi ni nani na nina nini. Thuraya akamweleza. Bwana akaniwekea mkono begani.

"Anasema," Thuraya akatafsiri, anatazama chini, "Mungu atakupa bora kuliko yeye."

Nikasema amina, kwa sababu kamba ilikuwa yake.

Sur

Nasor ni mstaafu wa serikali, na nyumba yake nayo ina sura ya ofisi. Alinipokea vizuri, nisimwonee. Alinikumbatia, akalia machozi mawili matatu ya kweli, akaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nisiwaze sana, kuwaza kunapandisha sukari. Halafu akanionyesha ukuta.

Nusu yake ilikuwa ndani ya fremu ya dhahabu, chini ya kioo, juu ya viti vya majlisi, chumba chake cha wageni. Maana Nasor hakubaliani na habari za dawa. Yeye anajua kwa yakini kwamba ngozi ile ni hati: babu yao alipewa shamba na mfalme mmoja, nayo ndiyo ushahidi wa ukarimu wake. Wageni wote wa Sur wameonyeshwa.

"Shamba liko wapi?" nikauliza.

"Imeandikwa humo."

Nikaitazama. Kwa kuwa nimeishi miaka na kile kipande cha Zuwena, naujua mkia wa herufi zile kama ninavyoujua mwandiko wangu mbaya. Fremu ilikuwa imetundikwa juu chini. Mgeni hashushi picha za mwenyeji.

Tulikula nguru wa kukaanga na ndizi za nazi, tukanywa kahawa, tukala halwa. Kisha Nasor akafungua mtoto wa meza, akatoa mkasi mpya, haujatolewa kwenye pakiti yake, na rula.

"Tufanye sasa, shemeji, ama tungoje?"

Nikamweleza nilichojia: Zuwena alikipenda kikiwa kizima, naomba kibaki hivyo, kirudi nami. Akanisikiliza kwa heshima kama wanavyosikilizwa wenye shida ofisini. "Nakuelewa," akasema. "Lakini leo tukiacha hiki kwa mapenzi, kesho tutaacha shamba kwa mapenzi."

Aliyetuokoa ni Thuraya. Katika nyumba yao ya wageni alifikia mwanamke kutoka Ubelgiji, Bi Marta, ambaye kazi yake kwao ni kutunza ngozi za namna ile kwenye maktaba. Thuraya alikuwa amemwonyesha picha ya fremu ya baba yake, na mgeni akakaribia kuangusha kikombe. Yuko mpaka mwisho wa wiki.

"Baba, asome kwanza. Kama ni shamba, utajua iko wapi. Halafu kata."

Hoja ya shamba ikamwingia. Mkasi akautia mfukoni mwa kanzu.

Nizwa na Misfat

Tulirudi njia ile ile, tukampakia Bi Shariffa Ibra, na kutoka hapo ndugu wawili waligombana juu ya kipoza hewa hadi Bidbid. Nilimpungia mkono mwenye mkahawa. Akasimama.

Nizwa tulisimama kwa sababu Bi Shariffa hawezi kupita Nizwa bila kununua halwa, na hawezi kununua bila kuonja kila sinia, na hawezi kuonja bila kumwambia mwenye duka kwamba ya Unguja ni bora. Tulitoka pale na halwa nyingi na rafiki mmoja pungufu.

Misfat ni kijiji kilichoning'inizwa mlimani. Nyumba za udongo, bustani kama ngazi, falaji inapita katikati na kila mtu anaijua zamu yake ya maji. Gari linaachwa juu, unashuka kwa miguu. Nasor alishuka na fremu mikononi kama bwana harusi aliyechelewa.

Bi Marta alikuwa mwanamke mpole mwenye magoti mabaya na viatu vizuri. Akatandika shuka jeupe mezani, akanawa mikono, akaviweka vile vipande vitatu pamoja. Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza ya Nasor. Nasor akakohoa.

Vikakutana. Mistari iliyokatwa na mjomba kwa mkasi ikaungana tena, neno na nusu yake. Hata Bi Shariffa aliinama kutazama. Bi Marta akasoma kwa sauti ndogo, kisha akazungumza, na Thuraya akatafsiri kama alivyoweza.

"Hii Kilatini. Zamani sana, kabla mashine ya kuchapa. Mtu aliandika kwa mkono. Kitabu cha... cha Wakristo. Biblia."

Nasor akaondoa mkono mezani.

"Astaghfirullah!" Bi Shariffa akashika kifua. "Na mimi nimewanywesha mtaa mzima!"

Bi Marta akaonyesha robo nyeupe, sura imejaa huruma. Akauliza, hapa maji yaliingia? Mafuriko?

"Mwambie tumeyanywa," nikasema.

Ilibidi Thuraya atafsiri mara mbili. Bi Marta akanitazama mimi, akamtazama Bi Shariffa, akakaa chini.

"Muulize kuhusu shamba," akasema Nasor.

"Hakuna shamba, baba."

"Aangalie nyuma."

Akaangalia nyuma. Hakuna shamba.

Alitueleza kwamba kurasa za ngozi za namna hii zimebaki nyingi huko kwao, na karibu zote zimekatwa. Vitabu vya kuchapa vilipokuja, washona vitabu walivichukua hivi vikubwa vya zamani wakavikatakata, wakabandika vipande ndani ya majalada mapya. Akatuonyesha alama ya gundi na matundu ya uzi. Labda kitabu fulani kilifika Unguja na Mzungu, mchwa wakala karatasi, wakaiacha ngozi. Labda, alisema hajui, nikampenda kwa hilo. Akasema nyinyi si wa kwanza kukata, ila ndio wa kwanza aliowasikia wamekata kwa haki.

"Lakini inasema nini?" nikauliza.

"Ni hadithi ya Ayub."

"Nabii Ayub?" Bi Shariffa akainuka, rangi imemrudia. "Mgonjwa aliyepona? Huyo si ndiye wetu! Nilijua mimi ni dawa!"

Bi Marta akaanza na kipande cha Zuwena, kidole kikipita hewani juu ya mistari bila kugusa. Ayub amepoteza watoto, mali na afya. Marafiki zake watatu wanasikia, wanatoka mbali kuja kumliwaza. Wanamwona, hawamtambui, wanalia. Wanakaa naye chini, juu ya udongo, siku na usiku, siku na usiku, na hakuna hata mmoja anayemwambia neno, kwa sababu wameona kwamba maumivu yake ni makubwa mno.

"Robo ya shangazi inaisha hapo," akasema Thuraya.

Chini yake, kwenye nusu ya Nasor, Ayub mwenyewe anafungua kinywa na kulia. Na juu, safu ya pili, kwenye robo ya Shariffa, kuna nini?

Bi Marta akasema hapo limebaki neno moja moja tu, lakini maandishi haya yanajulikana, kwa hiyo anajua kilichokuwapo. Hapo rafiki wa kwanza anaanza kusema. Anamwambia Ayub ajikaze, mbona wengine alikuwa akiwatia moyo. Na akishaanza huyo, wenzake wanafuata, kurasa na kurasa, kila mmoja na hekima yake, hadi mwishoni Mungu mwenyewe anawakasirikia.

Hapo nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Miaka yote hiyo wagonjwa wa Ibra wamekuwa wakinywa maneno ya waliwazaji, na kikombe cha mwisho nilikinywa mimi. Thuraya akadhani nimechanganyikiwa. Nilipomaliza kucheka uso ulikuwa umelowa, nisiseme uongo.

Nasor alingoja nitulie. Kisha akatoa mkasi mfukoni. Hakuwa na furaha nao, nilimwona, ila ni mtu wa utaratibu.

"Mirathi ni mirathi, shemeji."

Bi Marta aliuona mkasi akasema kitu kwa lugha yake ambacho Thuraya hakukitafsiri.

Nikautoa mfuko kifuani, mtupu, nikauweka mapajani. "Nusu yangu nimewapa," nikasema. "Chukueni robo nzima. Msiikate."

"Utarudi mikono mitupu?" akauliza Bi Shariffa.

"Nitarudi. Ila yale maneno yabaki pamoja. Zuwena aliwatazama hao watu wamekaa kimya kila alfajiri, wala hakujua ni nani. Msiwatenganishe."

Nasor akapiga hesabu, midomo inacheza. "Bado kuna mimi na Shariffa."

"Mimi fungu langu mpe huyo huyo," Bi Shariffa akasema, ananionyesha kwa kidevu. "Ama kaa nalo wewe. Ukitaka kukata, kata fungu lako peke yako, tukutazame."

Nasor alibaki amesimama na mkasi, urithi wote ni wake na aibu yote ni yake. Akaitazama nusu yake mwenyewe, ile aliyowaonyesha wageni wa Sur.

"Kumbe nimetundika kilio cha mtu ukutani," akasema taratibu. "Tena juu chini." Akaurudisha mkasi mfukoni. "Chukua yote, Shariffa. Unganisha. Lakini wallahi usiinywe."

Bi Shariffa akatoa sindano na uzi wa kofia mkobani. Bi Marta akasihi kwamba ngozi kama hiyo haitobolewi.

"Mwambie matundu yapo, amesema mwenyewe," akajibu Bi Shariffa, akapitisha uzi katika matundu ya washona vitabu wa zamani, na pasipo na tundu akaongeza lake. Bi Marta akafumba macho. Baadaye akafumbua jicho moja, akamwonyesha mahali pa kulegeza.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi karibu na falaji. Baada ya muda Bi Shariffa akaja. Huyu ni mwanamke mwenye jibu la kila kitu, na la jirani yake pia. Akakaa ngazi ile ile, akakunja miguu. Nilingoja anitajie tena mwanamke wa mtaa wa pili. Nilingoja nguvu zangu na umri wangu. Maji yalipita. Mtu akaja akafungua kizuizi cha bustani yake, akaondoka. Bi Shariffa hakusema neno, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami sikumwambia asilie.

Nyumbani

Basi ndiyo hayo. Nimerudi na halwa, ambayo mmekwisha kuila, na mfuko mtupu. Mmoja wenu ameniuliza sasa mfuko nauweka wa nini. Nautia mkono. Bado unanukia udi wake, na mishono upande mmoja imekwenda kombo, kwa sababu alikuwa mkaidi na hakutaka kuvaa miwani.

Karibuni wakati wowote. Mlango uko wazi, kahawa ipo, majamvi nimeyatandika. Mjane wa Jang'ombe mpeni salamu zangu na za friji zake zote mbili.

Njooni mkae.